Muhanga Aliyelalia Nyumba za Watu

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa shimo!"

Shimo la nani?

"La aliyelichimba!"

Na atakayesinzia nikiwa nasimulia?

"Tumtumbukize!"

Haya. Sogeeni motoni, ila mguu wangu msiukanyage. Wengine watawaambia hadithi hii waliisikia kwa bibi zao. Mimi sikuisikia kwa mtu. Nilikuwepo. Nilikaa juu ya kichuguu, karanga mfukoni, nikaona kila kitu kwa macho haya mawili, na hili la kushoto ndilo zuri zaidi. Shule niliishia la tano, na hilo la tano lilinipenda likanikalisha mara mbili, lakini kitu nilichokiona mwenyewe simhitaji mwalimu. Anayebisha abishe sasa, nimtaje babu yake hapa mbele ya watu.

Hakuna? Vizuri. Nilijua mna adabu.

Hapo zamani za kale, vichuguu vilipokuwa virefu kuliko nyumba za wakubwa, na fisi alikuwa bado hajajifunza kucheka, katika Bonde la Vichuguu aliishi mnyama aitwaye Muhanga. Mmewahi kumwona? Hamjamwona. Masikio kaazima kwa punda, pua kaazima kwa nguruwe, mkia mnene kama mchi. Lakini kucha! Kucha zile ni zake mwenyewe. Muhanga akigusa ardhi, ardhi inafunguka kabla hajabisha hodi.

Kazi yake ilikuwa kula mchwa na kuchimba shimo la kulala. Leo anachimba hapa, analala, anaondoka. Kesho anachimba pale, analala, anaondoka. Na nyuma yake wanahamia wengine. Bure! Hata asante hakuna.

Siku moja alipita karibu na shimo lake la zamani, akamkuta Bweha amekaa mlangoni. Bweha akamfokea: "Wewe! Unachungulia nini nyumbani kwa watu?"

Muhanga akasimama, akakuna sikio, akajiuliza: "Hivi mimi ni mchimbaji au ni mjinga?"

Kesho yake akaanzisha kampuni. Akaiita Chimba Ulale. Anayetaka nyumba aje aseme, achimbiwe, naye amlipe Muhanga kwa kumwonyesha kichuguu chenye mchwa walionona. Basi. Hakuna mengine.

Ila kampuni ilikuwa na sharti moja, na sharti hilo Muhanga alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Sharti lenyewe: shimo halikabidhiwi mpaka aliyelichimba amelilalia.

Sikilizeni vizuri. Sikusema amejinyoosha. Sikusema amepumzika. Nimesema amelala. Usingizi wa udenda.

Kwa nini? Kwa sababu mtu aliye macho huliheshimu shimo. Hukunja miguu, hubana pumzi, husema "samahani" kwa ukuta. Lakini aliyelala hana adabu. Atajigeuza, atapiga teke, atakoroma mpaka vumbi lidondoke. Ukuta ukimvumilia mlalaji, hata masika utayavumilia.

Kwa hiyo Muhanga akimaliza kuchimba, anaingia, analala mchana kutwa, na akiamka mzima anageuka mlangoni anapiga mkia chini: pa! Alama inabaki kwenye udongo. Na mnyama yeyote akiiona ile alama haulizi tena. Anaingiza watoto, anaingiza mkeka, anaingiza na mama mkwe.

Mambo yakaenda vizuri. Mambo yakienda vizuri, bwana wee, ndipo huja Nguchiro.

Mnamjua Nguchiro, yule mwembamba, shingo juu, mdomo hauna breki. Alikuja asubuhi moja, akajipangusa vumbi, akasema:

"Shikamoo, mkurugenzi."

Muhanga akatazama nyuma aone nani kaingia. Hakumwona mtu. "Marahaba. Mkurugenzi gani?"

"Wewe! Wewe ni mkurugenzi, ila hakuna aliyekwambia. Kampuni yako inatembea kwa miguu minne, mimi nataka iruke. Nipe kazi ya kuita wateja."

"Unajua kuchimba?"

"Sijui."

"Unajua nini sasa?"

"Najua kusifu, mkurugenzi. Hata wewe nikikusifu sasa hivi utajishangaa."

Akamsifu. Muhanga akajishangaa. Akampa kazi.

Nguchiro akapanda kichuguu, akaita: "Nyumba! Nyumba! Za baridi wakati wa joto, za joto wakati wa baridi! Chimba Ulale! Ukikosa leo utalala nje!" Wakaja. Wakaja wa mbali, wakaja wa karibu, wakaja na wale ambao tayari walikuwa na nyumba. Kila aliyekuja, Nguchiro alimwambia "kesho". Wewe unataka nyumba lini? Kesho. Na wewe? Kesho. Na wewe mwenye mikia miwili? Kesho!

Muhanga akachimba. Akachimba mpaka kucha zikawa butu, na pua ikawa inatoa udongo akipiga chafya.

Na hapo ndipo usingizi ulipomkimbia.

Akiingia shimoni kulilalia, mwili unalala, moyo unaendelea kuchimba. Akifumba jicho la kulia anawaona wateja waliokasirika. Akifumba la kushoto anawaona ambao bado hawajakasirika, na hao ndio wabaya zaidi. Mchwa aliwaona hawana ladha. Masikio yake, yaliyokuwa yamesimama kama majani ya mgomba, yakaanguka kama majani yale yale yaliyochumwa juzi.

Mtani wake Nungunungu akamwuliza: "Mtani, vipi, mbona kama umeokotwa?"

"Salama tu."

Bweha akamwuliza: "Ndugu, vipi?"

"Salama tu."

Mama Ngiri akamwuliza: "Shemeji, vipi?"

"Salama tu."

Maana Nguchiro alishamfundisha: "Mkurugenzi, bosi akisema amechoka, kampuni nzima inapata homa. Wewe ukiulizwa, sema salama. Ukiumwa, salama. Ukifa, nitasema mimi: salama."

Sasa tazameni mtego uliompata mwenzetu. Nyumba haipiti mpaka alale. Yeye halali kwa sababu ya nyumba. Nyumba zinamsubiri alale, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakomnyima usingizi. Hata mimi niliyekuwa juu pale nilitaka nishuke nimwimbie.

Kwenye shimo la Nungunungu alilala kidogo, usingizi wa kuku, mguu mmoja juu. Akasema, "Si haba." Pa! Akapiga mkia.

Kwenye shimo jipya la Bweha alisinzia kidogo zaidi ya kidogo. Akasema, "Si haba sana." Pa! Akapiga mkia.

Likaja shimo la Mama Ngiri.

Huyu Mama Ngiri alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa Muhanga, wamekula vumbi pamoja tangu ujana, ndiyo maana wakaitana shemeji. Alikuwa na watoto, wadogo, wote mikia juu, na shimo lao la zamani lilijaa maji masika yaliyopita. Masika mengine yalikuwa yananukia. Nguchiro akamchagulia mahali pake bondeni, akamwambia, "Hapa mama, upepo wa bure, majirani wastaarabu." Muhanga alipoanza kuchimba akaona udongo unateleza kati ya vidole.

"Nguchiro, huku kuna mchanga."

"Mchanga kidogo tu, mkurugenzi. Hata chumvi ni kidogo, na ndiyo inayofanya mboga iwe tamu."

Akachimba. Akamaliza. Akaingia kulilalia. Akajinyoosha mchana kutwa, macho yametoka kama ya chura. Jua likaenda likarudi upande wa pili, hakupata hata lepe.

Nguchiro akaingiza shingo mlangoni. "Tayari?"

"Sijalala."

"Mama wa watu yuko nje na watoto, mawingu yale pale. Kwani kufumba macho na kulala vina tofauti gani? Fumba, hesabu mpaka namba zako ziishe, fumbua."

"Namba zangu ni chache."

"Ndiyo maana nasema hutachelewa."

Muhanga akafumba. Akahesabu. Akafumbua. Akatoka nje, akawakuta watoto wa rafiki yake wamejipanga kwa urefu, wanamtazama.

"Umelilalia, shemeji?" akauliza Mama Ngiri.

Muhanga akajibu: "Nimelilalia."

Pa!

Lakini pa hiyo ilikuwa na sauti nyingine. Mimi niliisikia kule juu, nikaacha kutafuna.

Mama Ngiri akashukuru, akaingia kinyumenyume, makalio mbele, kama ngiri wote wanavyoingia nyumbani mwao ili wabaki wanautazama mlango. Watoto wakamfuata, makalio mbele, mmoja mmoja. Muhanga akaondoka. Hakuitikia kwaheri.

Uongo, ndugu zangu, ni kama mfupa wa samaki kooni. Ukisema "salama tu" hautoki. Muhanga akazunguka nyuma ya kilima, akachimba kishimo chembamba, kirefu, cha pua tu. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Juu hakutazama, ndiyo maana hakuniona. Akaingiza pua, akapiga ukelele:

"NIMECHOKAAA!"

Akasikia afueni. Kesho yake akarudi, akaingiza pua:

"NAOGOPAAA!"

Akasikia afueni zaidi. Kesho kutwa akarudi tena. Kulia, kushoto, pua ndani:

"SIKULALAAA!"

Akajipangusa, akaenda kazini akitembea kama mtu.

Asilolijua Muhanga ni kwamba mchwa wana barabara zao. Chini kwa chini, kutoka kichuguu hadi kichuguu, wamechimba njia kama mishipa, na kile kishimo cha pua kilikuwa kimetoboa mojawapo. Na nyumba zote za Chimba Ulale zilichimbwa ubavuni mwa vichuguu. Kwa hiyo kila alichokisema nyuma ya kilima, kilitokea sebuleni kwa watu.

Siku hiyo ya tatu, kabla jua halijapanda, wateja walishajaa chini ya mgunga, pale palipokuwa ofisi. Mbele alikuwa Nungunungu, miiba yote imesimama.

"Mtani, nyumba yako inapiga kelele! Juzi imesema imechoka. Mke wangu akashtuka, miiba ikamsimama, na mimi nilikuwa nimemlalia begani. Nitazame! Nitazame hapa! Na huku usitazame!"

Nyuma yake akaja Bweha, anacheka pembeni ya mdomo. "Mimi sikuja kulalamika. Mama mkwe alikuwa kwangu tangu mavuno. Juzi akasikia sauti, 'Nimechoka!' Akadhani ni mimi. Akafunga mzigo. Nimekuja kuuliza tu, itasema tena lini? Maana kaacha kibuyu chake, atakifuata."

Nyuma yake akaja Mama Ngiri, amevimba kwa hasira. "Shemeji, mimi naingia kwangu kinyumenyume. Sauti inatokea nyuma yangu! Inatokea hasa pale! Wanangu wote wakanigeukia wakanitazama. Yule mdogo akaniambia, 'Mama, pole.' Pole ya nini? Nimefanya nini mimi?"

Watu wakacheka. Muhanga masikio yakamlala mpaka mabegani, maana hapo ndipo alipojua pua yake imemwumbua. Akafungua mdomo, lakini Nguchiro alishapanda juu ya kichuguu.

"Wateja wapendwa! Hongereni!"

Miiba ya Nungunungu ikazidi kusimama.

"Hongereni, nasema! Mmepata nyumba zenye sauti. Ni huduma mpya. Nyumba ya kawaida inakaa tu kama jiwe. Nyumba ya Chimba Ulale inakuhurumia! Umerudi umechoka, inakwambia nimechoka. Mwizi anachungulia, inamwambia naogopa, naye anaogopa. Na leo imesema nini?"

"Sikulala!" wakaitikia.

"Mnaona? Nyumba imekesha inawalinda! Wewe mwenye nyumba umekoroma, nyumba haikulala! Mngeipata wapi hiyo?"

Wakatazamana. Bweha akasema, "Kweli." Mwingine akasema, "Kumbe." Mwingine wa nyuma kabisa akasema, "Basi yangu mimi iwe na sauti nene." Hasira ikayeyuka kama samli juani, wakaanza kutawanyika, wengine wanajisifu. Nilikuwepo! Nimeona waongo wengi, nimewahi hata kula nao, lakini siku ile nilimvulia Nguchiro kofia, halafu nikakumbuka sina kofia.

Mama Ngiri alikuwa wa mwisho kugeuka. Akatazama mawingu. Yalikuwa meusi kama sufuria ya msibani.

"Haya shemeji, mimi nyumba iseme isiseme, mradi wewe umelilalia. Niwahi, nimewafungia watoto ndani, mvua hii haina simile. Marehemu alikuwa akisema, Muhanga akipiga mkia, lala."

Akaanza kwenda.

Nguchiro akanong'ona, "Imekwisha hiyo, mkurugenzi. Nyamaza tu."

Muhanga akamtazama Nguchiro. Akayatazama mawingu. Akauona mkia wa Mama Ngiri unavyokwenda, umesimama wima, mkia wa mtu asiye na wasiwasi.

"Shemeji!" akaita. "Shemeji, simama!"

"Nini tena?"

"Hiyo sauti ni yangu."

Waliotawanyika wakarudi mbio. Hakuna mnyama anayekosa jambo kama hilo.

"Ni mimi ninayepiga kelele nyuma ya kilima. Ni mimi niliyechoka. Ni mimi ninayeogopa. Na shimo lako, shemeji, sikulilalia. Nilifumba macho tu. Nikapiga mkia wa uongo."

Nguchiro akajishika kichwa. "Amekunywa," akawaambia watu. "Amekunywa huyu, msimsikilize!"

Mama Ngiri akaja, taratibu, meno yote nje.

"Ulisema umelilalia."

"Nilisema."

"Mbele ya wanangu. Wanangu wako humo ndani sasa hivi, Muhanga!"

Hakumwita shemeji. Mmesikia? Akageuka, akatimka, na Muhanga akatimka nyuma yake, na sisi sote tukatimka nyuma yao, tone la kwanza likanipiga puani. Wakawatoa watoto, mmoja mmoja, wanalia, wanauliza wamefanya kosa gani.

"Wapeleke kwangu," Muhanga akasema. "Kwangu ni udongo mgumu. Mimi nabaki hapa."

"Unabaki kufanya nini?"

"Nilichopaswa kufanya. Nililipwa nilale, nalala. Likisimama, ni lako, na msamaha nitakuomba. Likianguka, bora liniangukie aliyelichimba."

"Wewe, usiwe mjinga," akasema Nungunungu. "Mvua hii?"

"Ndiyo hasa inayotakiwa."

Akaingia. Na sasa sikilizeni ajabu. Mnyama aliyekosa usingizi siku zote zile, alipoweka shavu chini tu, akalala. Hakujigeuza, hakuhesabu. Mfupa ulikuwa umetoka kooni. Akakoroma! Mkoromo ukaingia kwenye barabara za mchwa, ukasafiri bonde zima. Kila shimo likakoroma. Kila kichuguu kikakoroma. Kile nilichokipanda hapo jirani kikanitetemesha karanga zikaruka mfukoni.

Mvua ikamwagika. Mkoromo unaendelea. Radi. Mkoromo unaendelea. Halafu, kama wafanyavyo walalaji wote wasio na adabu, Muhanga akajigeuza, akapiga teke.

Mkoromo ukakatika.

Bonde zima likawa kimya. Pale palipokuwa na mlango wa Mama Ngiri palikuwa na uwanja. Tope tupu, bapa, limelala kama uji kwenye sinia.

"Muhanga!" akaita Bweha. Kimya.

"Ndugu Muhanga!" Kimya.

"Shemeji!" Mama Ngiri akaita, sauti imepasuka. "Shemeji wangu!" Kimya.

Nguchiro akakohoa. "Wateja wapendwa, mkurugenzi amesafiri kidogo..."

Mama Ngiri akamtazama tu, Nguchiro akaufunga mdomo. Akakaa chini kwenye matope, nadhani mara yake ya kwanza kukaa bila kuongea tangu azaliwe.

Wakaanza kuchimba. Lakini wachimbe wapi? Uwanja mpana, vichuguu vimeporomoka, mvua inasawazisha kila walichofukua. Yule hapa, yule kule, kila mtu anamtupia mwenzake tope. Na mchimbaji pekee wa bonde zima ndiye aliyekuwa chini.

Ndipo Nungunungu akapanga miiba yake, akasogea katikati ya uwanja. Kumbukeni alikuwa mtani wa Muhanga. Na mtani, wote mnajua, ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kukutukana siku ya msiba wako, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Alidhani mtani wake amekufa. Basi akafanya wajibu wake. Analia, machozi yanachanganyika na mvua, lakini anatukana.

"Eti alikuwa mchimbaji! Huyu? Mimi nikikohoa tu nachimba shimo zuri kuliko lake!"

Kimya.

"Pua ile! Mama yake alipomzaa alidhani amezaa bomba!"

Kimya.

Nungunungu akajikaza, akatupa la mwisho, lile kubwa. "Na nyie hamjui! Mashimo yote haya hakuchimba yeye! Alichimbiwa na panya!"

Na kutoka chini ya ardhi, mbali, upande wa kushoto, sauti ikajibu:

"MWONGO MKUBWA WEWE!"

Nungunungu akaruka. "Yupo! Yupo hapa! Chimbeni hapa! Mtani, endelea kukasirika, usinyamaze! Panya, nasema! Panya mmoja mgonjwa!"

"NIKITOKA UTANITAMBUA!"

"Kucha zako za kuazima!"

"WEWE NA MIIBA YAKO!"

Wakafuata matusi kama unavyofuata harufu ya nyama. Mama Ngiri kwa pembe zake, Bweha kwa makucha, Nungunungu kwa miguu yake mifupi, matusi hayakomi huku na kule. Nguchiro naye, sitaki kumwonea, alinyanyuka, akaingia matopeni, akachimba na vile vidole vyake vya kupungia wateja mpaka vikatoka damu. Ikaonekana ncha ya mkia. Nami nikaruka kutoka kichuguuni, nikaukamata ule mkia kwa mikono yangu hii, nikakanyaga jiwe, nikavuta. Chopo! Akatoka, mwekundu kwa udongo, hai, na neno la kwanza akasema:

"Panya?"

Nungunungu akamkumbatia. Hilo lilikuwa kosa, na miiba ile. Muhanga akapiga ukelele ambao haukuhitaji barabara ya mchwa.

Mama Ngiri akaja mbele yake.

"Hilo shimo," akasema, "lilikuwa bovu."

"Lilikuwa bovu."

"Ungeninyamazia, ningekuwa humo na wanangu."

Mama Ngiri akampangusa tope usoni kwa pua yake, kwa nguvu, kama mama anayemwosha mtoto mtukutu. "Utanichimbia jingine. Kwenye udongo, si kwenye maneno ya Nguchiro. Na leo hupangi kazi yoyote, shemeji. Leo unalala kwangu. Yaani kwako."

Alipomwita shemeji, Muhanga akalia. Mbele ya wateja! Na kampuni haikupata homa.

Mvua ilipokatika, wakakaa chini ya mgunga. Muhanga akawaambia: "Siku nikichoka nitasema nimechoka, tena mchana, tena hapa. Atakayesubiri asubiri, asiyeweza kusubiri kuna mashimo ya panya." Hapo akamtazama Nungunungu kwa jicho. "Siku nisipopata usingizi, hakuna nyumba itakayopigwa mkia. Na wewe Nguchiro."

"Najua, mkurugenzi. Nafungasha."

"Hufungashi. Unaendelea kusifu. Ila kuanzia leo, kila nyumba utakayoisifu, tutailalia wawili. Mimi upande wa mlango, wewe kule ndani."

Tangu siku hiyo mngemsikia Nguchiro juu ya kichuguu! "Nyumba! Nyumba! Si nzuri sana lakini ni imara! Wewe mama, pale penye mchanga sikuuzii, hata ukinipigia magoti! Unataka lini? Kesho? Kesho haiwezekani, mkurugenzi amelala!" Na wateja, ajabu, wakazidi. Wahenga hawakukosea: asifuye mvua imemnyea.

Mnauliza mafunzo? Haya, ya bure. Ukiwa mkuu wa kazi, usiwalaze watu mahali ambapo wewe mwenyewe usingizi hukupata. Na ukichoka, waambie wenzako ukiwa juu ya ardhi, maana ukiwa chini watakupata kwa kukutukana tu.

Hadithi yangu naifukia hapa. Ikiwa tamu, kila mtu ajipakulie aondoke nayo kwake. Ikiwa chungu, nirudishieni sufuria yangu, nikapikie wengine.

Nani huyo anacheka kule nyuma? Ati mkia? Sawa. Sawa! Niliposema nimeushika mkia nikavuta, hapo tu nilitia chumvi. Mkia aliuvuta Mama Ngiri. Mimi nilibaki juu ya kichuguu, mvua ile ilikuwa na radi, na karanga zingelowa. Lakini mengine yote ni kweli tupu, na Muhanga mwenyewe mkimwuliza atawaambia, kama hajalala.